Anapigiwa Makofi Jukwaani, Wiki Haiishi Anaelea: Stori ya Mchezo wa Kuvua na Kuachia

Juni 2, 1932, kusini mwa jimbo la Georgia, Marekani, mvua ilikuwa imelowesha shamba mpaka halilimiki. Kijana mmoja mkulima, umri miaka 20 hivi, ambaye familia nzima ilikuwa inamtegemea, akaona kuliko kukaa bure bora akavue. Akaenda na mwenzake na kiboti chao cha kuunga unga wenyewe, na chambo cha bandia kimoja tu wanapokezana. Siku hiyo akanasa besi wa kilo 10 na ushee.

Yule samaki akapelekwa dukani, mji mdogo unaitwa Helena, akawekwa kwenye mizani, watu wakashika vichwa. Kijana akatuma vipimo kwenye shindano la jarida la uvuvi, akazawadiwa bidhaa za dola 75, ambazo kwa kipindi kile cha ukata mkubwa hazikuwa pesa ndogo. Na samaki mwenyewe, mwenye rekodi ya dunia? Sufuriani. Mama akapika, familia ikala ikashiba. Rekodi ile ilikaa miaka 77 bila mtu wa kuigusa, mpaka 2009 Mjapani mmoja alipovua aliyemzidi uzito kwa nukta tu, na vitabuni wakaandikwa wote wawili.

Kabla hujachanganya mambo, besi anayesemwa hapa sio ile ya kwenye spika. Ni samaki wa ziwani na mtoni, rangi ya kijani, mdomo mpana kupita kichwa chake, asili yake Amerika ya Kaskazini. Anameza chochote kinachopita mbele yake: samaki wadogo, chura, nyoka mdogo, hata kifaranga cha bata akizubaa. Akinasa ndoano anaruka nje ya maji anatikisa kichwa kama anayekataa kesi. Hilo ndilo linalowachanganya wavuvi wa Marekani akili. Nyama yake inalika vizuri, lakini wengi wao siku hizi hawajawahi hata kuionja. Wanamvua, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini.

Sasa stori inaanzia hapo kwenye kumrudisha. Maana watu wengi wanaamini samaki akishatumbukizwa majini akapiga mkia, basi kapona, mambo yameisha. Na mchezo mzima wenye mamilioni ya dola umejengwa juu ya imani hiyo.

Mchezo wenyewe uliasisiwa na muuza bima. Kweli kabisa. Jamaa wa Montgomery, Alabama, mwenye mdomo wa kuuza hata maji mtoni. Mwaka 1967 alikuwa amefungiwa na mvua kwenye hoteli huko Jackson, Mississippi, anaangalia mpira wa kikapu kwenye TV, akapata wazo: kama watu wanakaa kuangalia wenzao wanarusha mpira, kwa nini wasiangalie wanaovua besi? Akashika simu akaanza kutafuta wavuvi mmoja mmoja. Kiingilio dola 100 kwa kichwa, pesa iliyowafanya wengi waseme huyu tapeli. Juni mwaka huohuo watu 106 wakatokea ziwa Beaver, jimbo la Arkansas. Mwaka uliofuata akawa na chama chake, kadi za uanachama na jarida. Bima akaachana nayo.

Kwenye mashindano yale ya mwanzo hakukuwa na habari ya kuachia. Unavua, unatunga samaki kwenye kamba kama mtungo wa sokoni, jioni unaubwaga mbele ya mizani. Mwenye mtungo mzito ndiye bingwa. Picha za zama zile zinaonyesha wanaume wanacheka meno yote nje huku wameinua mitungo mirefu ya samaki waliokufa, na nyuma yao mingine imening'inia kwenye mbao.

Wenyeji wa maziwa yale wakaanza kununa. Fikiria umekaa na ziwa lako miaka yote, unavua wa kula na familia, halafu wikiendi moja wanashuka mabwana zaidi ya mia na boti za injini kubwa, wanazoa wanaondoka. Maneno yakaanza kwamba hawa watu wa mashindano wanafagia maziwa. Muuza bima alikuwa na masikio mazuri. Biashara yake ilihitaji maziwa ya watu, na watu wakikataa maziwa yao hana pa kwenda.

Mwaka 1971 alikuwa ameshaanzisha fainali kubwa ya mwaka. Ile ya kwanza aliipa kiki ya aina yake: wavuvi bora 24 walipandishwa ndege bila kujua wanaenda wapi, wakaambiwa wakiwa hewani kwamba ni ziwa Mead, jangwani Nevada. Mshindi alibeba dola 10,000. Jamaa alijua kutengeneza tukio.

Wazo la kuachia hakulitoa kichwani kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa kwenye mkusanyiko wa wavuvi wa trauti huko Aspen, Colorado. Wale ni watu wa namna nyingine kabisa, wanavua kwa chambo chepesi cha manyoya kinachoigiza nzi, na kumwachia samaki kwao lilikuwa jambo la kawaida zamani. Akamwona mtu mzima anashangilia kama mtoto kwa trauti mdogo wa kukaa kiganjani, halafu anamrudisha majini kwa upole. Jamaa akarudi nyumbani anawaza: kama huyu anapata raha hii kwa kasamaki haka, na wangu wa besi je?

1972 akatangaza kampeni, ujumbe wake kwa Kiswahili cha haraka ni "usiue ulichovua". Boti zote za mashindano ziwe na tangi la maji lenye pampu ya kuingiza hewa, samaki akae humo akiwa hai mpaka jioni, apimwe, arudishwe ziwani. Kila samaki aliyefika mzima anamwongezea mvuvi uzito kidogo wa zawadi, wakia moja, yaani gramu 28. Kidogo hicho kinatosha kumpa mtu ubingwa au kumnyima, kwa hiyo wavuvi wakatii haraka kuliko ambavyo wangetii mahubiri.

Kiki au huruma? Vyote viwili, na hakuna sababu ya kuona aibu juu ya hilo. Alitaka kunyamazisha wenyeji, na pia alipenda samaki. Watengeneza boti wakaanza kushindana kwa ubora wa tangi. Kizazi kimoja baadaye, mvuvi wa besi anayeua samaki alikuwa anaangaliwa na wenzake kama mtu aliyetupa takataka msikitini. Ni mara chache mno tabia ya mamilioni ya watu kugeuka hivyo bila askari wala sheria.

Na show ikanoga. Mizani ikahama kutoka gati la ziwa kwenda kwenye kumbi kubwa za michezo. Boti inavutwa na gari mpaka ndani ya ukumbi, taa zinazunguka, muziki juu, mvuvi anatoa samaki kwenye mfuko wa maji, anawainua wawili juu, mkono huu na huu, umati unalipuka. Samaki anahema mdomo wazi. Halafu mizani, halafu mfuko tena, halafu nyuma ya jukwaa kuna tangi kubwa linalosubiri kuwarudisha ziwani. Mtangazaji anasema wote wamerudi wakiwa hai. Makofi.

Kumbe kuna watu hawakupiga makofi. Wataalamu wa samaki wa majimbo na vyuo walikuwa na swali dogo la kuudhi: baada ya hapo inakuwaje? Wakafanya kitu rahisi. Wakachukua samaki waliopimwa mashindanoni, wazima, wanaopiga mkia, wakawaweka kwenye vizimba vya nyavu ndani ya ziwa lilelile, wakawa wanarudi kuwahesabu siku hadi siku.

Siku ya kwanza wachache wanaelea. Ya pili wengine. Ya tatu, ya nne, bado wanakufa. Mwaka 1998 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi za namna hiyo, na picha iliyotoka haikuwa ya kupendeza. Vifo vya kabla ya kuachiwa, vile vinavyoonekana pale kwenye mizani, vilikuwa vimeshuka sana tangu miaka ya 1970. Tangi lilifanya kazi yake. Ila vifo vya baadaye, ambavyo hakuna mtazamaji anayebaki kuviona, ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi. Ukijumlisha vyote, wastani ulikuwa kama robo ya samaki wote walioletwa kwenye mizani. Wastani, maana mashindano ya miezi ya baridi yanaweza kupoteza wachache sana, na ya katikati ya kiangazi yakapoteza wengi kupita hiyo robo.

Hao hawakuuawa kwa makusudi na mtu yeyote. Mvuvi alifuata masharti yote.

Kinachomuua ni mlolongo. Anza na kupigana na mshipi. Samaki akivutwa anatumia misuli kwa nguvu yake yote, na kama mwanariadha aliyekimbia mita 400 bila kupumua vizuri, damu yake inajaa asidi. Angeachwa majini palepale angepumzika akakaa sawa baada ya masaa kadhaa. Lakini anatolewa hewani kupiga picha. Matamvua ya samaki yameumbwa kuelea ndani ya maji kama nyuzi laini. Nje ya maji yanalaliana, yanagandana, pumzi inakata. Mtu akisema "ngoja nipige moja nyingine, hii imetoka na ukungu", kwa samaki hiyo ni kama kuzamishwa kichwa kwenye ndoo dakika moja zaidi baada ya mbio.

Kisha tangi. Maji ya nyuzi joto 15 yanaweza kubeba kama miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu hivi. Na joto hilohilo linaufanya mwili wa samaki utake oksijeni zaidi. Kwa hiyo mchana wa Julai huko kusini mwa Marekani, samaki watano wakubwa kwenye tangi moja wanagombania hewa kidogo huku wanaoga kwenye mkojo wao wenyewe, maana uchafu wa samaki unatoka kama amonia na hauna pa kwenda. Boti inaruka juu ya mawimbi kwa spidi ya gari la barabara kuu, na wao humo ndani wanagongana ukutani kama nazi kwenye kapu.

Jioni ndio mfuko wa plastiki na foleni ya mizani. Dakika kadhaa kwenye maji machache, yale yaliyobaki mfukoni. Bado mikono. Mwili wa samaki una ute unaoteleza, wengi huuona kero, lakini ule ndio ngozi yake ya kinga. Mkono mkavu, zulia la boti, taulo, vyote vinaufuta. Pale ulipofutika fangasi na bakteria wanapata mlango, na wao wanafanya kazi polepole. Ndio maana kifo kinakuja Alhamisi wakati mashindano yalikuwa Jumamosi.

Kuna na cha vilindini. Besi ana mfuko wa hewa tumboni unaomsaidia kukaa kina anachotaka. Samaki kama kambare mamba au kamongo ana njia ya kupumulia hewa, lakini mfuko wa besi umefungwa, hauna mrija wa kutolea. Ukimvuta haraka kutoka mita 10 chini, ambako mgandamizo ni mara mbili ya juu, ile hewa inatanuka na yeye hana pa kuitoa. Anavimba. Anaachiwa mzima kabisa, anajaribu kuzama, anashindwa, anabaki juu ubavu ubavu akipigwa na jua, na ndege wanamwona, na injini za boti pia. Wavuvi wengine walijifunza kumchoma sindano ubavuni ili hewa itoke kwa kububujika. Ikichomwa sawasawa inasaidia. Ikikosewa inatoboa viungo vya ndani, na baadhi ya mamlaka za majimbo mpaka leo hazitaki kabisa watu wafanye hivyo.

Na kuna vifo ambavyo hata kizimba cha nyavu hakivihesabu. Msimu wa kuzaliana, besi jike anataga anaondoka. Anayebaki kulinda kiota ni dume. Anakaa pale mchana na usiku, hali vizuri, anafukuza kila kinachosogea, ndio maana ni rahisi mno kumvua: tupa chambo karibu na kiota, atakiuma kwa hasira tu. Akitolewa, samaki wadogo waliokuwa wanazunguka kwa mbali wanavamia mayai. Dakika chache zinatosha kuanza kusafisha kiota. Sasa mchukue baba huyo ukae naye kwenye tangi masaa 7, ukampime, umwachie kilomita 20 kutoka alipokuwa. Yeye anaweza kupona kabisa. Hesabu ya mashindano itasema hakuna aliyekufa.

Umbali nao una kisa chake. Besi wa mdomo mpana wakiachiwa gatini wengi hawarudi nyumbani haraka. Wanabaki wiki kadhaa palepale walipomwagwa, wamejazana sehemu moja kama abiria walioshushwa stendi usiku. Wavuvi wa kawaida wanajua hilo, Jumatatu wanaenda kuvua palepale. Baadaye waandaaji wakubwa wakaleta boti maalumu zenye matangi, kazi yake kuwasambaza samaki sehemu mbalimbali za ziwa.

Mwaka 1995 ikaongezeka hofu nyingine. Kwenye bwawa la Santee-Cooper, South Carolina, besi wakubwa walianza kuelea, na wataalamu wakapata kirusi ambacho hakikuwahi kuhusishwa na vifo vya besi hapo kabla. Miaka iliyofuata kikaonekana kwenye majimbo mengi, mara nyingi kiangazi, mara nyingi kwa samaki wakubwa, wale hasa wanaotafutwa na mashindano. Samaki wengi wanaishi nacho bila shida. Wasiwasi ukawa kwamba joto na usumbufu vinamfanya aliyekibeba kimya kimya azidiwe, na kwamba tangi moja la samaki watano kutoka pembe tano za ziwa ni mahali pazuri pa kuambukizana.

Ila haki itendeke, kuachia sio uongo mtupu. Novemba 1986 mwongozaji mmoja wa wavuvi huko Texas alivua besi wa kilo 8 kwenye ziwa Fork. Zamani samaki kama yule angekaushwa akatundikwa ukutani. Badala yake aliwekwa kwenye tangi la maonyesho Springfield, Missouri, akapewa jina la bibi, watu wakawa wanasafiri kwenda kumwona. Aliishi humo mpaka 1994, na alipokufa alifanyiwa ibada ya kumbukumbu, watu wakajaa kweli. Texas ikaanzisha mpango wa kuchukua majike wakubwa wakiwa hai ili wazalishwe, na wavuvi wengi wakahamia kutundika sanamu ya plastiki iliyotengenezwa kwa vipimo. Ukutani inaonekana ileile, na samaki anabaki ziwani.

California walikuwa na staa wao pia. Ziwa Dixon, padogo tu, kuna besi jike mwenye doa jeusi karibu na tamvua. Alivuliwa 2001 akiwa na zaidi ya kilo 9. Akaachiwa. 2003 akavuliwa tena, ameongezeka. Akaachiwa. Machi 2006 akapanda kwenye mizani ya mkononi na kusoma kilo 11 na ushee, yaani kumpita yule wa sufuria wa 1932. Tatizo, ndoano ilikuwa imemshika ubavuni, sio mdomoni. Vijana waliomvua wakamwachia na wakaamua kutopeleka madai ya rekodi, ingawa mitandaoni watu walikuwa tayari wanagombana usiku na mchana. Mei 2008 akakutwa anaelea, mzee, amekonda mpaka kilo 8 na nusu, msimu wa kutaga. Huyo hakuna wa kumnyooshea kidole. Alivuliwa mara tatu zinazojulikana na bado uzee ulimkuta.

Kwa hiyo swali likawa sio kuachia au kutoachia, bali kuachia vipi. Masharti ya idadi yakapungua mwaka hadi mwaka: 1967 mtu aliruhusiwa samaki 15 kwa siku, leo kwenye mashindano makubwa ni watano. Samaki mfu anamkata mvuvi uzito. Kuna mafunzo ya kuweka barafu kidogo na chumvi kwenye tangi, kubadilisha maji, kufupisha foleni ya mizani. Mwaka 2011 kundi la wavuvi mashuhuri wakaanzisha mfumo mwingine: samaki anapimwa hapohapo kwenye boti mbele ya mwamuzi na anarudi majini papo hapo alipotoka, hakuna tangi, hakuna mfuko. Wavuvi wa kayaki wao wanamlaza samaki kwenye ubao wa vipimo, picha kwa simu, kwaheri. Simu ambayo imeua mambo mengi imewaokoa besi kadhaa.

Waliokataa ni wapenzi wa jukwaa. Bila samaki mkononi, ukumbini utainua nini? Wadhamini wanataka ile picha, samaki wawili, tabasamu, nembo kifuani. Hoja hiyo inachekesha, lakini ndiyo inayolipa mishahara, na mashindano mengi ya mitaani bado yanaenda na tangi na mfuko kama zamani.

Ukitoka Marekani utashangaa zaidi. Ujerumani sheria ya wanyama inataka sababu ya maana ya kumtesa mnyama, na kumvua samaki kwa raha tu ukijua utamwachia kunaweza kukufikisha mahakamani. Uswisi tangu 2009 imekatazwa kwenda kuvua kwa nia ya kuachia. Kwao ukivua, kula. Japani besi aliletwa 1925 na leo anahesabika mvamizi. Ziwa Biwa, lilelile lililotoa mshindani wa rekodi mwaka 2009, mkoa umepiga marufuku kumrudisha besi majini, na ufukweni yamewekwa masanduku ya kumtupia.

Hata hapa Afrika Mashariki yupo. Aliletwa ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, kwa ajili ya starehe ya walowezi waliopenda kuvua. Samaki pekee wa asili wa ziwa lile alikuwa mdogo kama kidole, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Besi yumo kwenye orodha ya washukiwa. Kuanzia 1959 uvuvi wa biashara ukaruhusiwa na besi akawa wa nyavu, wa kilo, wa kukaangwa. Mwambie mvuvi wa Naivasha amtoe besi wa kilo 2 kwenye wavu, ampige picha, amrudishe. Atakuangalia.

Marekani kwenyewe mambo yamegeuka kiajabu. Kuna maziwa ambako besi wadogo wamekuwa wengi mpaka wanadumaa, chakula hakiwatoshi. Wasimamizi wanaweka masharti ya vipimo: wa urefu wa kati lazima arudi, mdogo chukua kale nyumbani, tafadhali, ziwa lipumue. Wanaandika vibao, wanachapisha vipeperushi vya mapishi. Wavuvi wanasoma, wanatikisa kichwa, wanawarudisha wote majini.